Sauti ya Tatu

Meno yangu ya mbele yamekwenda, Bwana,
na tarumbeta haitaki ufizi.
Miaka arobaini na sita nilipiga sauti ya tatu,
ile ambayo hakuna anayeisikia
mpaka siku ikikosekana.
Nikaitundika msumarini, karibu na koti la Amalia,
kinywa chake kikaziba vumbi.

Unajua ninavyokwenda kanisani siku hizi.
Hatua mia mbili na kumi kutoka mlangoni kwangu;
zamani nilizihesabu kwa majivuno,
leo nazihesabu kama mkopaji ahesabuvyo deni.
Barafu imelala ghubani tangu Novemba.
Upepo wa Labrado hausalimii mtu, unampekua.

Baada ya kumzika Amalia sikuja.
Majira mawili ya baridi sikuja,
wala sikukuambia kwa nini.
Kengele ikilia nilivuta blanketi.
Niliona una watu wa kutosha.
Kumbe tulikuwa kumi na tisa.

Hulda alipita na supu ya samaki, akaiacha kizingitini.
Hakuuliza, hakuhubiri, alisema tu,
"Sufuria yangu naitaka Alhamisi."
Nikalazimika kuiosha.
Nikalazimika kuwa hai mpaka Alhamisi.

Na kuni.
Kila nikiamka, sanduku la kuni limejaa,
misonobari iliyopasuliwa kwa kipimo cha jiko langu.
Nyayo zilikuja, nyayo zikarudi,
theluji ikazifunika kabla sijavaa miwani.
Nikasema ni vijana. Nikasema ni shemasi Natanaeli.
Usiku mmoja kibofu kikaniamsha,
maana mzee huzijua saa zote za usiku kwa majina,
nikaona taa ya kichwani, mgongo ulioinama:
Tobia.

Tobia niliyemfukuza bendini kwa ulevi,
mbele ya watu, Jumapili ya Matawi,
nikamwambia chombo cha Mungu hakipuliziwi pombe.
Miaka thelathini hatukupeana mkono.
Alikuwa akipanga kuni moja moja, taratibu,
asije akaniamsha.

Sikufungua mlango usiku ule. Nakiri.
Nilisimama gizani na soksi zangu
nikimtazama mtu ananisamehe kwa kuni,
na baridi ya sakafu ikinipanda magotini.
Jumapili iliyofuata nilivaa buti.

Usidhani, Bwana, nimekuwa shujaa wa imani.
Juzi, katikati ya sala uliyotufundisha,
niliyoijua kabla sijajua kufunga viatu,
nilifika "utupe leo"
nikasahau nilichokuwa nikiomba.
Mdomo wazi, kama samaki juu ya barafu.
Lakini benchi halikunyamaza.
Hulda alikuwa na mkate,
Natanaeli akachukua deni,
Tobia, kwa sauti yake ya mkwaruzo, akabeba majaribu,
na nilipoiona njia tena
walikuwa wameshaufikia ufalme.
Nikaingia nao, nikihema, wa mwisho,
wala hakuna aliyeniuliza nilichelewea wapi.

Leo natimiza themanini na tatu.
Bado giza. Bendi iko dirishani, watu saba tu,
wametoka kufukuta vinywa vya tarumbeta kwapani visigande.
Msumari wangu u mtupu tangu Krismasi:
sauti ya tatu iko kwa Jerusa, mjukuu wa Hulda,
miaka kumi na miwili, glavu zimekatwa vidole.
Anachelewa nusu pigo.
Nami nilichelewa, umri ule.
Nimeweka kidole kwenye kioo, namhesabia,
na joto langu, hilo lililobaki,
linayeyusha duara dogo kwenye jalidi.
Kupitia hapo namwona Tobia,
kofia mkononi, hana chombo.
Amekuja kuwashikia taa.

Nitawafungulia. Chai iko jikoni.
Sufuria ya Hulda iko rafuni, safi.
Kesho ni Alhamisi.